Masikio Niliyompelekea Mama

"Vua shati, Lutengano."

Aliyesema hivyo ni balozi wetu wa nyumba kumi, na alisema akiwa uani kwa mama yangu, Uyole, jua likiwa utosini. Malori yalikuwa yanapita barabarani yakinguruma kama kawaida, watu wamejaa mpaka kwenye matuta ya viazi, na mama yangu ameketishwa chini kwenye jamvi, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Nilimtazama. Akatingisha kichwa, kwamba nisivue. Balozi akarudia. Nikavua.

Watu wakaanza.

"Jamani! Ana matiti!"

"Kama msichana wa kipaimara."

"Nyamazeni, msimcheke, kosa si lake," akasema Mama Subilaga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye nilikuwa namchotea maji tangu sijaota ndevu. Alikuwa ameshika kitambaa kilichofuliwa, akakinyanyua juu watu wakione. "Mama yake alikoma kuona siku zake miaka mingi, wote tunajua. Sasa ameanza tena kufua hivi. Ngozi yake itazameni. Mashavu yake yatazameni. Mwana anageuka mwanamke, mama anarudi msichana. Ujana umetoka wapi na umekwenda wapi? Semeni wenyewe!"

Pembeni ya ua, ameegemea Land Rover ya ranchi, alisimama Bwana Msigala. Huyu ndiye bwana mifugo wetu, mtu aliyesoma, aliyekuja kunichukua kunirudisha kazini. Balozi akamgeukia kwa heshima zote. "Ndugu Msigala, wewe umesoma mambo ya miili. Kuna dawa au ugonjwa unaoweza kumfanya mwanaume awe hivi, na mama mtu mzima awe vile?"

Msigala akatazama viatu vyake. Akasema, "Mimi ni wa ng'ombe. Mambo ya watu siyajui."

Basi. Hayo ndiyo maneno. Tangu siku hiyo sijakaa nikatulia. Nikikaa kwenye kiti nainuka, nikilala nageuka, nikila naacha. Nyie vijana mnaojifunza kazi ya mifugo mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tunafanya kazi zamani. Nitawaeleza. Lakini mvumilie, mimi siwezi kusimulia nikiwa nimetulia.

Ranchi yetu ilikuwa bondeni Usangu, miaka ile ya sabini reli ikijengwa. Watu walikuwa wengi, nyama ilitakiwa sana. Kazi yetu ilikuwa kununua maksai waliokonda, kuwalisha pumba, mashudu na molasi, na kuwachinja wakishakuwa kama mapipa. Mimi nilikuwa mkamataji. Darasa la nne, kiuno chembamba, mikono kama koleo. Kumkamata ng'ombe si nguvu, nyie mnaokwenda mazoezini kuinua vyuma. Mzee Ng'wandu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa Msukuma, amehamia Usangu na ng'ombe wa ukoo wake, wakaisha kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, akaajiriwa kuchunga wa wengine.

"Ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, siku ya kwanza baada ya dume moja kunitupa kwenye kinyesi, "unamkaba shingo kama mwizi. Ng'ombe si mwizi. Mshike pua kwa vidole viwili, sikio kwa mkono mwingine, umgeuzie uso kwenye ubavu wake mwenyewe. Akijitazama, anasahau kupigana."

Ni kweli. Jaribuni. Ng'ombe aliyegeuziwa uso ubavuni hana pa kuanzia.

Dawa ikaja mwaka wangu wa pili pale. Msigala aliileta, kwenye mikebe, pamoja na bunduki ndogo ya sindano nene. Ndani yake mna punje, ndogo kama mchele uliokatika. Unamwingiza maksai kwenye krashi, kile kichochoro cha mbao cha kumbana, unafunga nyuma, unashika sikio, unalisafisha, unapenyeza sindano nyuma ya sikio katikati, baina ya ngozi na gegedu. Usitoboe gegedu. Ukitoa sindano, fuata na kidole, uikandamize ngozi, la sivyo punje inarudi na kuanguka. Na usiiponde. Ukiiponda, dawa yote inaingia mwilini kwa mpigo, na maksai anaanza vituko.

Vituko gani? Eeh, tulicheka sana. Maksai wanapandana wao kwa wao mchana kutwa. Mkia umenyanyuka juu kwenye mzizi, nyonga zimelegea. Wengine wakaota chuchu. Maksai! Kijana mmoja wa Kihehe akaenda na ndoo, akachuchumaa, akasema anakamua maziwa ya meneja. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote.

Msigala alitueleza siku hiyohiyo, tukiwa tumekaa kwenye uzio. Tena alieleza vizuri, hilo simnyimi. "Hii ni homoni ya kike, inaitwa estrojeni, imetengenezwa kiwandani. Chini ya ubongo wa ng'ombe kuna tezi ndogo. Hiyo tezi ndiyo inayotoa homoni ya kukuza mwili. Maksai tumemhasi, kwa hiyo tezi yake inafanya kazi kivivu. Dawa hii inaiamsha. Tezi inamwaga homoni ya kukuza, chakula kilekile kinajenga nyama zaidi."

Mzee Ng'wandu akauliza, "Na akili yake haibadiliki?"

"Ng'ombe ana akili gani?"

"Anayo ya kutosha kujua kwamba yeye si jike," Mzee akajibu, na tukacheka tena.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo kisa kilipo.

Siku za kuchinja, nyama ilikwenda kwa wanunuzi, kichwa na makongoro vilibaki kwa wafanyakazi. Na kwa kichwa palikuwa na utaratibu wetu wa kambi, ambao Mzee Ng'wandu aliukuta na mimi nikaukuta. Ulimi ni wa mzee, kwa sababu hauna kazi ya meno. Mashavu ni ya mchinjaji. Ubongo ni wa mpishi. Masikio ni ya mkamataji, kwa sababu mkono wake ndio ulioshika. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini ukila sikio na wewe hukukamata, unaweza kupigwa. Nilikuwa najivunia masikio yale kama wengine wanavyojivunia nishani.

Unayababua motoni mpaka manyoya yaishe, unayakwangua kwa kisu, unayachemsha muda mrefu na chumvi na pilipili. Gegedu linalainika, linakuwa kama jeli. Mengine nilikuwa nayatundika juu ya moshi wa jiko, nayafunga kwenye kamba kama samaki, na kila mwisho wa mwezi nikienda Uyole nampelekea mama. Mama yangu alikuwa mjane, meno yamebaki machache, na supu ya masikio ya kukausha ilikuwa ndiyo starehe yake. Anachovya ugali wa ulezi, anafumba macho.

"Baba, hawa ng'ombe wenu wananilisha kama malkia," ananiambia.

"Kula mama. Ni jasho langu."

Mnaona? Punje ilikuwa bado ndani ya sikio. Haiishi haraka. Msigala alijua. Mwanzoni kabisa, siku dawa ilipokuja, alisema masikio yakatwe siku ya kuchinja yachomwe, na maksai akishawekewa dawa asubiriwe miezi kabla ya kuchinjwa. Sababu hakutuambia. Tulichoma mara mbili tu. Meneja, Ndugu Mwakalukwa, akaja akakuta moto.

"Mnachoma nini?"

"Masikio, Ndugu Meneja."

"Kwa nini?"

Msigala akaanza kueleza kwa Kiingereza. Mwakalukwa akamkatiza kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Wafanyakazi watauliza maswali. Wanunuzi watasikia. Kesho nani atanunua nyama hapa? Acha watu wale vichwa vyao kama walivyozoea." Na kuhusu kusubiri miezi, akasema soko halisubiri. Maksai wakawa wanachinjwa punje ikiwa bado nzima, unaweza kuigusa kwa kidole kama chunusi.

Msigala akazima moto kwa kiatu chake mwenyewe. Kiatu hichohicho alichokuja kukitazama uani kwa mama yangu.

Na kuna jambo moja ambalo nililitafuna miaka mingi kabla sijalielewa. Msigala alikuwa mpenda nyama. Tukichoma mbavu anakuja, tukichemsha utumbo anakuja. Lakini supu ya kichwa ikiletwa, anakumbuka ana kazi. Kila mara. Tulikuwa tunamtania. Mpishi alikuwa anasema, "Mwacheni, yeye ana kichwa tayari, amepewa shuleni." Yeye anacheka, anaondoka. Alicheka na sisi, vijana wangu. Aliwatazama watu wakila, akacheka, akaondoka.

Basi na mimi nilikuwa na ujinga wangu wa kazi. Sindano ya ile bunduki huziba. Punje ikivunjika ndani, unga wake unaganda. Njia sahihi ni maji ya moto na waya. Waya ulikuwa umepotea, na maji ya moto ni mpaka jiko liwake. Kwa hiyo naiweka sindano mdomoni napuliza, na isipopulizika nanyonya, natema. Unga ulikuwa na ladha ya chaki. Mikono nafuta kwenye shati. Msigala alikuwa na glovu. Jozi moja, zake.

Kilichoanza ni kuwashwa chuchu. Halafu zikauma, hata shati likigusa. Nikadhani ni pigo la pembe. Kisha ndevu zikapungua, na mambo mengine ya kiume, ambayo sitawaelezea, yakalala. Nilikuwa na mchumba Tukuyu. Nikaanza kutafuta sababu za kutokwenda. Nikawa navaa shati mbili, ya ndani inabana. Kwenye joto la Usangu, shati mbili. Mzee Ng'wandu akaniona nikioga mtoni. Hakucheka. Alikaa kwenye jiwe akatazama maji.

"Wale maksai," akasema.

"Mzee, mimi si maksai."

"Sijasema wewe ni maksai. Nimesema, wale maksai."

Akaenda kwa Msigala mwenyewe. Akarudi amekunja uso. Aliambiwa ni uzee unamsumbua, dawa ya ng'ombe haiingii kwa watu.

Wakati huohuo Uyole, mama yangu alianza kuona damu. Aliona aibu, hakumwambia mtu. Alifua vitambaa vyake kwa siri nyuma ya nyumba na kuanika chini ya kanga, lakini Mama Subilaga ana macho ya mwewe. Uso wa mama ukajaa, ngozi ikalainika. Wanawake kisimani wakaanza kumuuliza anapaka nini. Kwa kucheka kwanza. Halafu bila kucheka. Nilipokuja mwisho wa mwezi, nimekonda mabega, sauti imepoa, natembea nimejikunja kifua, mtu akaunganisha. Mmoja akisema, kumi wanasikia. Mama amekunywa uanaume wa mwanawe. Na mimi huyo, naingia getini na kamba ya masikio begani, namletea.

Siku ile ya shati walivunja vyungu vyake. Vyungu vya togwa, alivyokuwa anategemea. Hawakumpiga, nasema ukweli, balozi aliwazuia. Lakini wadogo zake marehemu baba walimwambia aondoke kwenye kiwanja cha kaka yao kabla jua halijazama. Msigala alikuwa bado amesimama pale. Alinisubiri nipande gari. Sikupanda. Alipoona sipandi, alipiga honi.

Alipiga honi, jamani.

Nilimpeleka mama Makongolosi, kwa wachimba dhahabu, ambako kila mtu ametoka mahali na hakuna anayeuliza ya jana. Akawa anawapikia uji. Mimi nikashuka Iringa, kwa sababu nilisikia kuna hospitali ya misheni yenye daktari anayejua magonjwa ya ajabu. Nilisubiri kwenye benchi na wakulima wa Kihehe na watoto wao. Nesi akanisalimia Kihehe, "Kamwene, baba," kisha akatazama kifua changu na kunipa shuka nijifunike kabla ya kuniuliza kitu. Nesi yule sitamsahau.

Daktari hakuniuliza nani ananichukia. Aliniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Unakula masikio ya ng'ombe hao?" Sikuwa nimemwambia habari za masikio.

Aliyonieleza nawaeleza nilivyoyaelewa. Ile tezi ya chini ya ubongo, aliyoisema Msigala, binadamu naye anayo. Nayo inamwaga homoni ya kukuza, kwa mtoto nyingi, kwa mtu mzima kidogo, na kadiri tunavyozeeka inapungua. Estrojeni ni kama mtu anayeibishia hodi. Mwanamke kijana ana hodi nyingi. Akikoma hedhi, mbisha hodi ameondoka, na tezi nayo inasinzia. Ukimpa mama wa makamo estrojeni, tezi inaamka, inamwaga tena. Mwanaume naye ukimpa, ni hivyohivyo, inamwaga kuliko ilivyozoea. Maksai ndivyo walivyonenepa.

"Mbona mimi sikunenepa wala sikurefuka?" nikamuuliza.

"Mifupa yako imeshafunga, huwezi kurefuka tena. Na mtu si ng'ombe, ini lake linaipinga kazi hiyo ya kukuza, dawa ikipitia tumboni. Matiti si ya homoni ya kukuza, ni kazi ya dawa yenyewe. Na damu ya mama yako ni ya dawa yenyewe. Huo si ujana. Ni hatari. Asile tena, na umlete nimpime kizazi."

Nikalia pale. Si kwa sababu ya matiti. Nililia kwa sababu kitu kilikuwa na jina, na jina lenyewe Msigala alilitamka tukiwa tumekaa kwenye uzio.

Mama aliacha masikio, damu ikakata. Yangu yalipungua kidogo, hayakuisha. Mpaka leo navaa shati mbili. Mchumba aliolewa na mwalimu, ana watoto wengi, namwombea heri. Sikupata mtoto. Haya nimeyazoea, kama mtu anavyozoea kilema. La mama sijalizoea.

Nilirudi Uyole na maneno ya daktari. Baba zangu wadogo walinisikiliza mpaka mwisho, wakaniambia, "Wewe ni mwanawe, utasema lolote. Daktari hakuwepo. Aliyekuwepo ni bwana mifugo, na aliulizwa mbele yetu wote, akasema hajui. Yeye akija akasema vingine, mama yako anarudi kesho." Wamenirudishia jibu hilo kila nilipokwenda. Hata Mama Subilaga, amezeeka sasa, haoni vizuri, ameniambia hivyohivyo, tena kwa upole: "Mwanangu, mlete yule mtu wa Land Rover."

Mwakalukwa yuko Iringa. Ni mzee wa kanisa, anasoma matangazo Jumapili, ana suti ya kijivu. Nilikwenda nikasimama mlangoni wakati watu wanatoka. Akanipa mkono, hakunikumbuka. Au alinikumbuka. Nilimtajia masikio, akasema, "Kijana, enzi zile tulifanya kazi kwa ajili ya taifa." Kijana! Kichwa changu kina mvi.

Msigala yuko Ilomba. Ana duka la dawa za mifugo, bango la kijani, ng'ombe amechorwa anatabasamu. Kutoka dukani kwake mpaka uani kwa mama yangu unaweza kutembea kwa miguu na usichoke. Nimekwenda mara nyingi. Mara ya mwisho alinisogezea kiti, akanipa soda.

"Lutengano, mambo ya zamani haya. Mimi nilikuwa mdogo, bosi alikuwa Mwakalukwa."

"Mimi sikuja kuomba kitu, Bwana Msigala. Njoo Uyole useme ulichojua."

"Wataniona vipi watu?"

"Kama wanavyomwona mama yangu. Jaribu siku moja tu."

Akainuka, akapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Nyie vijana, kama mnataka somo la kazi, hili ndilo: shikeni ng'ombe kwa pua na sikio, safisheni sindano kwa maji ya moto, mtu asiwaambie mdomo ni haraka zaidi. Na bwana wenu akianza kuruka sahani moja kila siku, msimtanie. Muulizeni kwa nini.

Mama yangu yuko Makongolosi bado. Miguu imevimba, anatembelea fimbo. Anataka kurudi Uyole, azikwe karibu na baba. Haombi kingine. Akisikia gari linasimama nje, anauliza kama ni mtu wa ranchi.

Kwa hiyo hili si la vijana, ni lako, Msigala, na najua litakufikia, kwa sababu nusu ya hawa watanunua dawa kwako. Balozi alikuuliza swali mbele ya mama yangu, nikiwa nimesimama bila shati. Alikuuliza kama kuna dawa inayoweza kumfanya mwanaume awe hivi na mama mtu mzima awe vile. Ua uko palepale. Jamvi nitaleta mimi. Njoo, ujibu.